Shamba dogo hulisha nyumba, lakini lina siku zake za kungoja

UKIPITA asubuhi na mapema katika sehemu zinazozunguka jiji la Nairobi, kama vile Wangige, Kikuyu, Ruiru, Ngong au Ongata Rongai, utasikia jogoo kabla ya kusikia honi ya matatu. Nyuma ya nyumba nyingi pana kibanda cha kuku na matuta machache ya sukuma wiki. Mwenye nyumba huonekana na ndoo ya maji mkono mmoja na mkebe wa chakula cha kuku mkono wa pili, akiharakisha kumaliza kazi hiyo kabla ya kushika njia ya mjini.

Ni maisha ambayo wengi wetu tuliobanwa katika nyumba za kupanga tunayatamani. Tunasikia habari za mboga zinazonyunyiziwa maji ya mitaro ya maji taka, tunaona nyanya zilizo na vumbi jeupe la dawa, nasi tunasema moyoni kwamba siku tutakapopata kijishamba chetu, taabu hizo zitakwisha. Cha nyumbani ni safi, ndivyo tunavyoambiana.

Lakini je, cha nyumbani ni safi kwa sababu tu ni cha nyumbani?

Swali hilo lilinijia miaka michache iliyopita kwa ajili ya mtoto wa shemeji yangu. Shemeji huyo anaishi katika ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kiambu. Ana kuku wa kienyeji wasiozidi kumi na wawili, sukuma wiki, terere na managu. Kitindamimba wake, aliyekuwa na umri wa miezi 14, aliendesha mara tatu katika muda wa miezi miwili. Kila alipopata nafuu, ugonjwa ulirudi. Mama yake alichemsha maji, akabadilisha maziwa, na majirani wakamfariji kwamba ni meno yanayoota.

Mara ya tatu nilimsindikiza kwenye zahanati. Baada ya kumpima mtoto, daktari aliuliza swali ambalo hatukulitarajia.

"Mama, nyumbani mnafuga?"

"Ndiyo, daktari. Kuku kidogo tu."

"Hulala wapi?"

"Jikoni, daktari. Nje wezi watawamaliza."

"Na mtoto huchezea wapi mchana?"

Shemeji alinyamaza kidogo. "Hapo hapo jikoni," akajibu kwa sauti ya chini.

Daktari hakumkemea. Alimpa pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, kisha akamweleza kwa upole kwamba dawa hizo zingemsaidia mtoto kwa wakati huo, lakini mradi mtoto na kuku walikuwa wakitumia sakafu moja, wangeonana tena kabla ya mwezi kwisha.

Makala haya hayakusudii kumtisha mtu aachane na kuku au mboga. Kinyume cha hayo, ni vigumu kupata kitu kinachoisaidia afya ya nyumba kama shamba dogo linalotunzwa vizuri. Lakini shamba hilo lina masharti mawili ambayo wengi huyapuuza. La kwanza ni mpaka kati ya mifugo na watu. La pili ni subira, yaani siku za kungoja kabla ya kula au kuuza.

FAIDA ZA YAI NA MBOGA

Tuanze na mema. Yai moja la kawaida lina takriban gramu 6 za protini, ile ya kujenga mwili. Lina vitamini A, vitamini B12 na madini kadhaa ambayo mtoto anayekua anayahitaji sana. Yai halihitaji kutafunwa kwa nguvu, hupikika haraka, na mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza kulishwa likiwa limeiva vizuri na kupondwa. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku vyakula vinavyotokana na wanyama, mayai yakiwa miongoni mwavyo.

Utafiti uliofanywa nchini Ecuador na kuchapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wachanga waliolishwa yai moja kila siku kwa miezi 6, kudumaa kulipungua kwa asilimia 47 kuliko kwa wenzao ambao hawakupewa. Hata hivyo, utafiti wa aina hiyo uliofanywa baadaye nchini Malawi haukupata tofauti kama hiyo ya kimo. Watoto wengi wa Malawi walikuwa tayari wakila samaki, hivyo yai halikuja kuziba pengo kubwa. Funzo ni kwamba yai ni chakula bora lakini si muujiza.

Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hali hiyo ni nafuu kuliko asilimia 26 ya mwaka wa 2014, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya kila watano.

Mboga nazo zina sifa zake. Managu, terere, saga, kunde na mrenda, ambazo zamani zilidharauliwa mjini na kuitwa chakula cha maskini, zimerudi kwa heshima. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ni mmoja wa wataalamu waliofanya utafiti kwa miaka mingi kuhusu thamani ya mboga hizi. Zina vitamini A, vitamini C, madini ya chuma na chokaa. Aidha, hukua upesi. Terere na majani ya kunde huanza kuchumwa kama wiki tatu au nne baada ya kupandwa.

KUKU NA MTOTO WASITUMIE SAKAFU MOJA

Sasa tuje kwenye sharti la kwanza. Utafiti uliofanywa mashambani nchini Ethiopia na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulitoa jibu lenye pande mbili. Watoto wa nyumba zilizofuga kuku walikuwa na kimo kizuri zaidi kuliko wa nyumba zisizofuga. Lakini pale ambapo kuku walilazwa ndani ya nyumba wanamolala watu, kimo cha watoto kilikuwa cha chini.

Sababu si ngumu kuielewa. Katika matumbo ya kuku huishi bakteria kama vile kampailobakta na salmonela. Mara nyingi kuku mwenyewe haonekani mgonjwa. Kinyesi chake kikianguka sakafuni, mtoto anayetambaa hukigusa, kisha hutia kidole mdomoni. Akiokota punje ya mahindi au kijiko kilichoanguka, ni vivyo hivyo.

Hata kama haharishi kila siku, mtoto anayemeza viini hivi mara kwa mara utumbo wake huwaka ndani kwa ndani na kushindwa kufyonza chakula sawasawa. Hapo ndipo pana msiba wa nyumba nyingi zenye bidii. Mkono mmoja unampa mtoto yai, na mkono wa pili unamnyang'anya.

Jambo la kufanya ni kujenga kibanda nje, hata kama ni kidogo. Kuku wanne au watano hutosha katika kila mita moja ya mraba. Ikiwa hofu ni wezi, kibanda kinaweza kuegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, mradi mlango na madirisha yake yaelekee nje na kufuli iwe imara. Sakafu iwekwe maranda makavu, nayo yageuzwe na kubadilishwa yanapolowa. Ukiingia kibandani na ukahisi macho yakiwasha na pua ikichomwa, jua hewa ya humo imechafuka na inaumiza kifua chako pamoja na cha kuku.

Viatu vya bandani vibaki bandani. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuokota mayai, kufagia au kulisha. Mtoto awekewe mkeka mahali ambapo kuku hawafiki, au uwanja wake uzungushiwe wavu. Na ikiwa ni lazima kuchagua, afadhali kuku wafungiwe kuliko mtoto kuachwa atambae kwenye kinyesi.

Mtoto akianza kuendesha, apewe maji ya chumvi za pakiti na zinki kama alivyoelekezwa na mhudumu wa afya, na aendelee kunyonya na kula. Choo kikiwa na damu, macho yakiwa yamebonyea, au mtoto akiwa mlegevu na kushindwa kunywa, apelekwe hospitalini mara moja bila kungoja kesho.

DAWA YA KUKU NA YAI LA KESHO

Sharti la pili ni subira, na hapa ndipo wafugaji wengi hujikwaa.

Kuku mmoja akianza kusinzia, kupumua kwa shida na kuhara kinyesi cha kijani, mwenye nyumba hukimbilia duka la dawa za mifugo. Huuziwa unga wa antibiotiki, akautia katika maji ya kunywa ya kuku wote, wagonjwa na wazima. Siku hiyo hiyo jioni huokota mayai na kuyapeleka jikoni au kwa mwenye kibanda cha chapati.

Kosa la kwanza ni la tiba yenyewe. Dalili hizo huenda zikawa za kideri, ugonjwa unaosababishwa na virusi, nazo antibiotiki haziui virusi. Kideri huweza kumaliza boma zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo tu, inayotolewa kuku wakiwa bado wazima na kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa kama mtaalamu anavyoelekeza. Taasisi ya kutengeneza chanjo za mifugo nchini, KEVEVAPI, hutengeneza chanjo ya ugonjwa huu, na ipo aina inayotiwa kwa tone moja katika jicho la kuku. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kuku kumi waliokufa. Anayechanja aoshe mikono na asijiguse macho, kwani chanjo hiyo huweza kuyawasha.

Kosa la pili linamhusu mlaji. Dawa anayokunywa kuku haiishii kwake. Sehemu yake huingia katika nyama na katika yai, na hubaki humo kwa siku kadhaa baada ya dozi kumalizika. Ndiyo maana kila dawa halali ya mifugo ina maelezo ya siku za kungoja kabla ya kula nyama au mayai. Siku hizo hutofautiana kutoka dawa moja hadi nyingine, na huanza kuhesabiwa baada ya dozi ya mwisho, si ya kwanza. Zipo dawa nyingine ambazo hazitakiwi kabisa kupewa kuku wanaotaga. Usidanganyike kwamba kuchemsha yai kutaondoa dawa hiyo. Moto hauaminiki kwa kazi hiyo.

Mayai ya siku hizo yasiliwe, yasiuzwe, wala jirani asigawiwe kama zawadi. Yavunjwe na kufukiwa. Ni jambo linalouma, hasa kwa mtu anayelipa karo kwa pesa za trei za mayai. Lakini hapo ndipo dhamiri ya mfugaji hupimwa, kwa kuwa yai halina mdomo wa kusema limetoka wapi.

Madhara yake si ya mlaji mmoja tu. Antibiotiki zinapotumiwa ovyo, bakteria huzizoea. Siku mtoto atakapougua kwa kweli na kuandikiwa dawa, huenda isifanye kazi. Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliwataka wafugaji waache kuwapa wanyama wazima antibiotiki kwa ajili ya kuwanenepesha au kuzuia magonjwa. Kuku akiugua, mwite daktari wa mifugo kwanza. Kuku akifa, azikwe au achomwe. Asipikwe, asitupiwe mbwa, wala asiuzwe kwa bei ya kutupa.

PAMPU YA DAWA NA SUFURIA YA JIONI

Sukuma wiki ni mboga inayochumwa kila wiki. Wema huo ndio pia hatari yake, kwa maana mkulima akinyunyiza dawa ya wadudu Jumamosi na mteja akaja Jumatatu, majani ni yale yale.

Kila dawa ya mimea iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu, PCPB, ina karatasi inayoeleza siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ikisema siku saba, ni saba. Mkulima mwenye busara huchuma kwanza mboga za kula na kuuza, ndipo anyunyize, kisha hulifunga tuta hilo mpaka siku zitimie. Akiwa na matuta mawili au matatu yaliyopandwa kwa kupishana, sufuria haitalala bure.

Kuosha mboga kwa maji mengi yanayotiririka ni jambo zuri. Huondoa vumbi, mayai ya minyoo na sehemu ya dawa iliyo juu ya jani. Lakini baadhi ya dawa huingia ndani ya mmea wenyewe, na hizo hazitoki kwa maji.

Chini ya karatasi ya mkebe wa dawa huwa na mstari wa rangi. Mwekundu ni sumu kali zaidi, wa manjano hufuata, kisha wa buluu, halafu wa kijani. Mtu wa shamba la nyuma ya nyumba, lenye watoto na kuku wanaozurura, hana sababu ya kuwa na mkebe wenye mstari mwekundu.

Mara nyingi hahitaji hata mkebe. Wadudu wadogo wanaojaa chini ya majani ya sukuma wiki huweza kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Viwavi huokotwa kwa mkono, nao kuku huwafurahia. Majani makuukuu yaondolewe, na mboga za jamii moja zisipandwe mahali pamoja msimu baada ya msimu.

Dawa iliyobaki isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto haoni sumu, huona soda. Ikitokea ameinywa, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ukidhani ni tiba. Mvue nguo zilizolowa dawa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, na umkimbize hospitalini ukiwa na mkebe wenyewe ili daktari ajue ni sumu gani.

MBOLEA MBICHI NA KACHUMBARI

Kinyesi cha kuku ni mali. Kina naitrojeni nyingi, na ndiyo sababu wakulima wa mboga hukinunua kwa magunia. Lakini kikitiwa kibichi huunguza mimea, na zaidi ya hayo hupeleka bakteria wale wale wa kibandani hadi kwenye dhania, karoti, nyanya na majani ya saladi, vyakula ambavyo huliwa bila kupikwa.

Sheria za kilimo cha asilia nchini Marekani hutoa kipimo kizuri cha kukumbuka. Mbolea mbichi ikitiwa shambani, zao linalogusa udongo halivunwi mpaka zipite siku 120. Zao lisilogusa udongo hungojewa siku 90. Kwa mboga za msimu mfupi, maana yake ni kwamba mbolea mbichi haifai kabisa.

Dawa ya hilo ni kuivundisha. Panga tabaka la kinyesi na maranda, kisha tabaka la majani makavu au mabua, na urudie hivyo hivyo. Nyunyiza maji kiasi cha kulowesha tu. Funika lundo lisinyeshewe, na uweke mbali na kisima. Likivunda vizuri, ndani yake huwa moto kiasi cha kuua viini vingi. Ligeuze mara kadhaa ili sehemu za nje nazo ziingie ndani zipate moto huo. Baada ya miezi miwili au mitatu, ikiwa haina joto tena, haina harufu kali na inafanana na udongo mweusi, iko tayari.

MAHINDI YALIYOOTA UKUNGU

Liko kosa jingine ambalo huonekana kama uhodari wa kuokoa mali. Mahindi yakiota ukungu, watu husema, "Hayo yape kuku." Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu. Wakenya hawapaswi kusahau mwaka wa 2004, ambapo watu 125 walifariki katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuku wakilishwa mahindi hayo, hudhoofika na kupunguza kutaga, na sumu huweza kupatikana katika maini na mayai yao. Mahindi mabovu yatupwe. Kumpa kuku si kuyatupa. Ni kuyarudisha mezani kwa njia ndefu.

MISIMU NA AFYA YA NYUMBA

Shamba dogo huenda na mvua. Mvua ya masika ya Machi hadi Mei na ya vuli ya Oktoba hadi Desemba hujaza sokoni mboga za kila aina, na bei hushuka. Kisha huja Januari na Februari, jua likiwaka, na fungu la sukuma wiki hupungua huku bei ikipanda. Ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi hula ugali kwa kitu kisicho na rangi.

Mkulima wa mjini asiye na eka anaweza kulikabili pengo hilo. Miche ya sukuma wiki iliyohamishwa mwanzoni mwa mvua ya vuli huwa imeshika mizizi kufikia Desemba, na kwa maji kidogo ya jioni huendelea kutoa majani. Shamba la gunia, ambalo wakazi wa Kibera wamelizoea kwa miaka mingi, huhitaji nafasi ya hatua moja tu. Majani ya kunde nayo yaweza kukaushwa wakati wa wingi na kuwekwa kwa siku za uhaba.

Jikoni pia pana adabu zake. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi na kwa mafuta kidogo, kwani mwili huhitaji mafuta ili kuitumia vitamini A. Ukitia nyanya au kukamulia limau, mwili hufaidi zaidi madini ya chuma yaliyomo. Chai ya majani, kwa upande mwingine, huzuia madini hayo. Hivyo hata chai ina muda wake wa kungoja: ipishe saa moja au zaidi baada ya mlo.

Mayai nayo yakusanywe kila siku. Yaliyo na uchafu kidogo yapanguswe kwa kitambaa kikavu, na yaliyopasuka yasilishwe watoto. Yapikwe mpaka ute na kiini vigande. Kuku wa kuchinjwa aivie mpaka kwenye mfupa, na kisu na ubao uliomkatia visitumiwe kwa kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

WEWE UNAYENUNUA

Huenda msomaji akasema kwamba yeye hana ploti wala kuku, ananunua tu. Habari hizi zinamhusu yeye zaidi, kwa kuwa anayengojewa zile siku ni yeye. Anayeuziwa mayai kutoka boma la jirani ana haki ya kuuliza ni lini kuku walipewa dawa mara ya mwisho. Anayenunua sukuma wiki shambani ana haki ya kuuliza tuta lile lilinyunyiziwa lini. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akiona wateja wanauliza, atajua kwamba subira yake ina thamani, nao wale wasiongoja watajifunza.

Na shemeji yangu? Jumamosi iliyofuata tulinunua mabati ya mitumba na wavu, na fundi wa mtaani akajenga kibanda nyuma ya nyumba kwa siku mbili. Sakafu ya jikoni ilisuguliwa kwa sabuni na maji moto. Kuku walilalamika usiku wa kwanza, wakazoea usiku wa tatu. Mtoto hakurudi zahanati kwa kuendesha mwezi huo, wala uliofuata.

Nilipomtembelea baadaye, nilimkuta mtoto ameketi juu ya mkeka wake, mikono imeoshwa, akila yai lililopondwa. Upande wa pili wa wavu, kuku aliyelitaga alikuwa akimtazama. Shemeji aliniandalia sukuma wiki za kubeba, lakini alichuma kutoka tuta la kushoto tu. Nilipomwuliza la kulia lina nini, aliniambia limenyunyiziwa juzi na bado lina siku tano.

"Hizo utazikuta ukija tena, shemeji," akasema.